Ukitupa Chipu Kimya Kimya, Umesema Nini? Kanuni za Ajabu za Madau katika Poka ya Mezani

Shemeji yangu, dereva wa malori anayeishi Aurora katika jimbo la Colorado nchini Marekani, alinipigia simu alfajiri moja ya saa za huku akiwa amefura kwa hasira. Alikuwa ametoka kwenye chumba cha poka huko milimani, mwendo wa kama saa moja kwa gari kutoka kwake. Mchezaji mmoja alikuwa ameweka dau la dola 25. Yeye, akiwa na karata nzuri, alitupa katikati ya meza chipu moja nyeusi ya dola 100, kile kidude cha duara kinachotumika mezani badala ya noti, bila kutamka neno, akiamini kwamba kila mtu ameona amepandisha dau hadi 100. Mgawa karata alimrudishia dola 75, kama muuza duka anavyorudisha chenji, kisha akafunua karata iliyofuata. Karata hiyo ilimfaa mpinzani, na fedha zote zikaenda upande wa pili. "Shem, nimeibiwa huku nikitazama," aliniambia.

Hakuibiwa, ingawa ninaelewa kwa nini aliona hivyo. Alichokutana nacho ni kanuni ya chipu moja. Mtu akikabiliwa na dau, kisha akaweka chipu moja tu yenye thamani kubwa kuliko dau hilo bila kutamka kwamba anaongeza, huhesabiwa kuwa amelifuata tu, na kinachozidi hurudishwa. Nilimwuliza: ukiwa kwenye daladala la Mbagala ukampa konda noti ya shilingi 10,000 bila kusema kitu, atakata nauli ya watu wangapi? Atakata ya mtu mmoja, hata kama moyoni ulikusudia kumlipia na jirani yako. Ukitaka kulipia wawili unasema "wawili" mapema, kabla chenji haijaanza kuhesabiwa. Meza ya poka haina tofauti na konda huyo: haisomi nia, inasoma kilichosemwa, na pasipo kusemwa kitu inachukua tafsiri ndogo kuliko zote.

Kabla hatujaenda mbali, tuelewane kuhusu maneno. Nchini Kenya jina "poka" hutumika mitaani kwa mchezo wa kumaliza karata mkononi, ule ambao anayekaribia kushinda hutakiwa kutangaza "niko kadi". Huo ni mchezo mwingine kabisa, ingawa aliyewahi kugombana na wenzake kuhusu kama inaruhusiwa kumalizia kwa karata ya adhabu tayari amepata nusu ya somo la makala haya, yaani kwamba kila nyumba ina kanuni zake. Poka ninayoizungumzia ni ile inayoitwa Texas Hold'em, ambayo kila mchezaji hupewa karata mbili za siri, kisha karata tano hufunuliwa mezani kwa ajili ya wote: tatu kwa pamoja, halafu moja, halafu moja ya mwisho. Kabla ya kufunuliwa na baada ya kila hatua kuna mzunguko wa madau, kwa hiyo mizunguko ni minne.

Katika kila mzunguko mchezaji anapofikiwa na zamu ana njia chache tu. Kama hakuna aliyeweka dau, anaweza kupisha bila kulipa, au kuweka dau. Kama dau lipo, anaweza kulifuata kwa kulipa kiasi kilekile, kuliongeza, au kutupa karata zake na kukaa pembeni. Fedha zinazokusanyika katikati nitaziita fungu. Ili pasiwepo watu wa kusubiri karata nzuri usiku kucha bila kulipa chochote, wachezaji wawili walio kushoto kwa kitufe, kile kibao cha duara kinachohamishwa mtu hadi mtu kila mkono, yaani mchezo mmoja tangu kugawa karata hadi fungu kuchukuliwa, unapoisha, hulazimika kuweka dau dogo na dau kubwa kabla ya kuona karata. Mezani wanaposema "moja tatu" wanamaanisha dau dogo la lazima ni dola 1 na kubwa ni dola 3. Nyumba ni kasino au klabu yenye meza. Msimamizi wa ukumbi ndiye hakimu anayeitwa ugomvi unapotokea.

Jambo linalowachanganya wengi siku hizi ni kwamba wamejifunza poka kwenye simu. Kwenye simu kuna vitufe vitatu au vinne, na programu haikuruhusu kukosea: huwezi kuweka dau pungufu, huwezi kucheza kabla ya zamu yako, na ukigusa "ongeza" kiasi chako kinajulikana hadi senti. Mezani hakuna vitufe. Kuna mikono, midomo, macho, marundo ya chipu yaliyopangwa, glasi ya maji na mtu anayekuna kichwa. Kazi kubwa ya kanuni za nyumba ni kugeuza ishara hizo zote kuwa vitufe vilevile vya kwenye simu. Kila kanuni inayoonekana ya ajabu huwa imezaliwa na hila ya zamani ambayo mtu fulani aliifanya mpaka wenzake wakachoka, au na sheria ya serikali iliyoandikwa na watu ambao huenda hawakuwahi kushika karata.

Tuanze na hila. Fikiria mnada wa mitumba. Mtu anasema "elfu tano", anamtazama muuzaji usoni, akiona hajatetereka anaongeza "na mia tano", anamtazama tena. Sokoni huo ni ujuzi. Kwenye poka ni kosa, kwa sababu anayeweka chipu kidogo kidogo anaweza kusoma uso wa mpinzani kati ya mkupuo wa kwanza na wa pili, halafu akaamua kuishia hapo au kuendelea. Ndiyo maana nyumba karibu zote hukataa dau la vipande vipande: chipu zinazoingia kwa mkupuo wa kwanza ndizo zinazohesabiwa, na zile za mkupuo wa pili hurudishwa. Anayetaka kurudi kwenye rundo lake mara ya pili sharti atamke kwanza, ama neno "naongeza" au kiasi chenyewe.

Hapa filamu zimetuharibu. Sote tumeona yule bwana mwenye kofia anayesema kwa madaha, "Nafuata mia tano zako... na ninaongeza elfu moja." Katika chumba halisi cha poka sentensi hiyo huishia kwenye neno "nafuata". Tamko lililotolewa kwa zamu yake linamfunga msemaji, na kwa kuwa tamko la kwanza lilikuwa la kufuata, lile la kuongeza limekuja baada ya mlango kufungwa. Filamu hizohizo zimewaaminisha watu kwamba mchezaji asiye na fedha za kutosha kufuata dau hupoteza karata zake, hivyo inambidi akimbilie hati ya nyumba au funguo za gari. Si kweli. Kanuni ya kawaida ni kwamba kila mtu huchezea kile tu kilichokuwa mezani mkono ulipoanza. Aliyebakiwa na dola 40 huku dau likiwa 200 huweka 40 zake zote na kushindania sehemu ya fungu inayolingana nazo, na zinazozidi huwekwa kwenye fungu la pembeni kwa wale wenye uwezo. Kwa kanuni hiyohiyo hakuna kuchomoa noti mfukoni katikati ya mkono, wala kuzirudisha mfukoni kimyakimya ulizoshinda wakati ungali umekaa mezani.

Kanuni ya nusu huwasumbua hata wazoefu. Tuseme dau ni dola 100. Kiwango kidogo kabisa cha kuongeza ni 100 nyingine, yaani kufikia 200. Mtu anasukuma chipu za dola 140 bila kusema neno. Je, amefuata, au ameongeza? Kanuni inayotumiwa sana, hasa kwenye mashindano, inatazama nyongeza yake: amezidisha 40, ambayo haifiki nusu ya kile alichotakiwa kuongeza, kwa hiyo amefuata tu na atarudishiwa 40. Angesukuma 150 au zaidi angelazimishwa kutimiza 200, apende asipende. Nyumba nyingine hazijali nusu wala robo, zikamwachia msimamizi tafsiri. Na kama chipu ni nyingi lakini kila moja inahitajika ili kufikisha dau, kwa mfano chipu mbili za 25 mbele ya dau la 30, hilo pia ni kufuata, kwa kuwa ukiondoa moja hazitoshi. Shemeji aliniambia hesabu hiyo inamkumbusha mizani ya malori barabarani, ambapo kilo chache tu hubadilisha jina la kosa.

Kuna meza zilizochorwa mstari kuzunguka, kama chaki ya uwanjani. Katika nyumba fulani chipu ikivuka mstari imeshaingia na hairudi. Katika nyumba nyingine mstari huo upo ili kumsaidia mgawa karata afikie chipu kwa urahisi tu, na dau huhesabiwa pale mchezaji anapoachia chipu mkononi au anapozisogeza mbele kwa namna ya kuweka. Mtu aliyezoea meza ya kwanza akihamia ya pili anaweza kunyoosha mkono uliojaa chipu ili kumtisha mwenzake, na tofauti kati ya mzaha na dau ikabaki kuwa rangi ya mstari. Kupisha nako hakuhitaji maneno: kugonga meza kwa vidole kunatosha. Kwetu sisi tuliozoea kupiga ngoma kwenye kila ubao tunaoegemea, hiyo ni hatari, maana ukigonga kwa kuwaza tu huku zamu ni yako, umepisha.

Zamu yenyewe ina kanuni yake. Aliyecheza kabla ya kufikiwa hafutiwi kauli moja kwa moja. Mchezo hurudi kwa aliyerukwa, na kama huyo atapisha au kufuata tu, bila kubadilisha hali, yule mwenye haraka hubanwa na alichosema. Aliyerukwa akiweka dau au kuongeza, mwenye haraka huwa huru kuamua upya. Mantiki yake ni nzuri: asiachwe mtu akajifanya amekosea zamu ili kuwatisha walio mbele yake, halafu akabadilisha mawazo bila gharama.

Swali linalofuata kwa kawaida ni hili: nani ameziandika kanuni hizi? Kwa mashindano kuna chama kinachoitwa Tournament Directors Association, kilichoanzishwa mwaka 2001 na waendesha mashindano wa Marekani waliochoka kuona kila ukumbi una hukumu yake, na kanuni zake leo zinafuatwa katika nchi nyingi. Hata hivyo kanuni hizo ni za mashindano. Meza za fedha taslimu, ambako mtu hukaa na kuondoka anapotaka, zinabaki mikononi mwa kila nyumba, nazo hukopa hapa na pale na kuongeza vionjo vyao. Aidha, juu ya kanuni zote ipo moja inayompa msimamizi mamlaka ya kuangalia haki na maslahi ya mchezo kuliko herufi ya kanuni. Wanaoshindwa huona hiyo kuwa ni upendeleo. Mimi naona ni kama mzee wa baraza anayejua kwamba mwenye hila huijua sheria vizuri kuliko mwenye haki.

Hadi hapa tumezungumzia lini dau linakuwa dau. Ukubwa wa dau ni habari nyingine, na huko ndiko serikali ilikoingiza mkono. Mfano bora ni jimbo hilohilo la shemeji yangu. Colorado iliruhusu kamari katika miji mitatu ya zamani ya wachimba dhahabu, Black Hawk, Central City na Cripple Creek, kuanzia tarehe 1 Oktoba 1991, kwa sharti kwamba dau moja lisizidi dola 5. Sharti hilo lilikuwa kwenye katiba ya jimbo, kwa hiyo halikuweza kubadilishwa bila kura ya wananchi. Wananchi waliliongeza hadi dola 100 kwa kura ya mwaka 2008, mabadiliko yakaanza Julai 2009, kisha kwa kura ya mwaka 2020 wakaiachia kila moja ya miji hiyo uamuzi, na kuanzia Mei 2021 kikomo kikaondoka.

Athari ya namba hiyo moja kwenye mchezo ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Tuchukue fungu lenye dola 40 na karata ya mwisho imefunuliwa. Wewe una karata ya wastani, mpinzani anaweka dau. Chini ya kikomo cha dola 5 unatakiwa kulipa 5 ili kushindania fungu ambalo, ukishalipa, litakuwa na 50. Inatosha ushinde mara moja katika kila mara kumi ili usipate hasara. Nani atatupa karata kwa bei hiyo? Hakuna. Kwa hiyo mtu asiye na kitu hawezi kumtisha yeyote, na sanaa ya kudanganya kwa dau, ambayo watu wengi wanaamini ndiyo poka yenyewe, inakufa. Sasa weka kikomo cha dola 100. Mpinzani anaweka 100 kwenye fungu lilelile la 40. Unalipa 100 kwa fungu litakalokuwa na 240, na unatakiwa kushinda zaidi ya mara nne katika kumi. Karata ni zilezile, watu ni walewale, lakini anayewaza sasa ni wewe. Ndiyo maana mchezaji aliyejifunza katika enzi ya dola 5 na mwingine wa enzi ya dola 100 huweza kubishana usiku kucha kuhusu namna ya kucheza mkono uleule, na wote wakawa sahihi.

Kikomo cha dola 100 nacho kilikuwa na kituko chake. Mgeni kutoka Las Vegas, ambako meza zisizo na kikomo ndizo za kawaida, akiwa na dola 1,000 mbele yake angeweza kutangaza kwa kishindo kwamba anaweka zote, na tangazo hilo likapunguzwa hadi dola 100. Fungu likishafika 600, dau la 100 linakuwa tena kama lile la dola 5: kila mtu analifuata. Mji wa Deadwood katika jimbo la South Dakota ulipitia ngazi zinazofanana, dola 5 mwaka 1989, 100 mwaka 2000, na 1,000 mwaka 2012. Kwa hiyo ukiona mtu mzima aliyezoea kucheza huko akifuata kila dau bila kuwaza, usimcheke haraka. Huenda anacheza kwa hesabu ya sheria iliyokwisha kufutwa.

Tofauti na vikomo hivyo, zipo kanuni zinazoongeza ukali wa mchezo, na hizi ndizo zinazobishaniwa sana vijiweni. Ya kwanza inaitwa stradoli. Mchezaji anayefuata baada ya dau kubwa la lazima anaweza, kwa hiari na kabla ya kuona karata zake, kuweka dau la gizani mara mbili ya lile kubwa. Kwenye meza ya moja tatu ataweka 6. Faida yake ni kwamba katika mzunguko wa kwanza atakuwa wa mwisho kuamua, na anaweza kuongeza hata kama wenzake wote wamefuata tu. Watu husikia "wa mwisho kuamua" wakadhani ni ofa. Wanasahau kwamba karata tatu zikishafunuliwa yeye hurudi kuwa miongoni mwa wa kwanza kusema, na kwamba amelipa dola 6 kununua karata ambazo hajaziona. Wanasahau jambo kubwa zaidi, kwamba uamuzi wake umewagusa wote. Aliyekaa na dola 300 akijihesabia kuwa ana madau makubwa 100 amejikuta ana 50 tu, bila kuulizwa. Meza imepanda bei kama nauli ya sikukuu.

Kuna nyumba zinazoruhusu stradoli iwekwe na aliye kwenye kitufe, na hapo hesabu inageuka, kwa kuwa mtu huyo ndiye wa mwisho kuamua katika mizunguko yote minne. Sasa nani aanze? Nyumba moja husema aanze mwenye dau dogo la lazima, ambaye anajikuta akiamua mbele ya meza nzima akiwa hajui lolote. Nyumba ya jirani husema waanze wanaoanza siku zote, mchezo ufike kwenye kitufe, ukiruke, uwapitie wenye madau ya lazima, halafu umrudie mwenye kitufe mwishoni. Mgawa karata mgeni anaweza kuyakosea haya mara tatu kwa saa, na mimi simlaumu.

Nimependa zaidi utaratibu wa jiwe. Jiwe ni chipu chache zilizofungwa kwa mpira wa kufungia noti. Anayeshinda fungu lenye jiwe hulichukua na kuliweka mbele yake, na zamu yake ya kukaa baada ya dau kubwa ikifika ni lazima aweke jiwe hilo kama stradoli. Hiari imegeuzwa deni linalozunguka, kama zamu ya kutoa kwenye kikoba, isipokuwa hapa anayepokea ndiye anayedaiwa. Wazo la kumtoza mshindi lipo pia kwenye meza za viwango maalumu, ambako ukubwa wa kila dau umepangwa tangu mwanzo: anayeshinda mara mbili mfululizo hulazimika kuweka dau la ziada, na mkono unaofuata huchezwa kwa viwango vilivyoongezwa maradufu, mathalani kutoka dola 4 na 8 hadi 8 na 16, au kwa nusu tu, hadi 6 na 12. Halafu kuna fungu la bomu, ambalo wachezaji wote kwa makubaliano huweka kiasi sawa, mzunguko wa kwanza wa madau hurukwa, na karata tatu hufunuliwa papo hapo huku meza nzima ikiwa ingali mchezoni. Nyumba nyingi hudai meza yote ikubali kwanza, na asiyetaka hupewa ruhusa ya kukaa nje kwa mkono huo.

Kanuni zinazopunguza makali nazo zina historia. Kwenye meza za viwango maalumu idadi ya kuongeza kwa mzunguko huwekewa mwisho, mara nyingi tatu au nne, na mwisho huo huondolewa wakibaki wawili. Sababu si huruma. Watu wawili walioshirikiana wakimweka wa tatu katikati yao wanaweza kuongezeana bila kikomo, kila mmoja akijifanya anapambana na mwenziwe, mpaka wa katikati ameisha. Wakibaki wawili hakuna wa kubanwa katikati, kwa hiyo waendelee wapendavyo. Jamii hiyohiyo ya kanuni inahusu aliyeishiwa. Mtu ameweka 100, wa pili ana 130 tu akaziweka zote, wa tatu akafuata 130. Zamu ikirudi kwa yule wa kwanza hawezi kuongeza. Anaweza kulipa 30 zilizobaki au kutupa karata, kwa kuwa nyongeza ya 30 haikutimia kiwango cha kuufungua upya mzunguko. Wengi hulalamika hapo. Wamfikirie mtu anayemtumia rafiki yake mwenye chipu chache kama funguo ya kuongeza mara ya pili.

Ajabu kuliko zote, kwangu mimi, inatoka California. Mwaka 1885 wabunge wa jimbo hilo waliongeza kwenye orodha ya michezo haramu kitu walichokiita "stud-horse poker", bila kueleza ni mchezo gani. Mwaka 1911 mwanasheria mkuu wa jimbo alitoa maoni kwamba poka ya kubadilisha karata, ambayo mchezaji hurudisha baadhi ya karata zake na kupewa nyingine, haimo kwenye katazo hilo, na kuanzia mwaka 1936 mji wa Gardena, karibu na Los Angeles, ukajulikana kwa klabu za karata zilizocheza aina hiyo. Texas Hold'em haikuingia kwenye klabu za California hadi mwaka 1987. Katika miaka hiyo mirefu klabu zilikuza mchezo ambao mwenye karata ndogo kabisa ndiye mshindi, na ndani yake kanuni moja isiyofanana na nyingine. Mchezaji akishabadilisha karata, akapata mkono ambao karata yake kubwa ni 7 au chini, halafu akapisha badala ya kuweka dau, na ikatokea mkono wake ndio ulioshinda, hapewi fedha zozote zilizowekwa baada ya kubadilisha. Yaani mwenye nguvu alilazimishwa kuionyesha kwa fedha zake. Kupisha ili mwenzako aweke dau halafu umgeukie kwa kuongeza, jambo ambalo leo kwenye Hold'em ni mbinu ya kawaida kabisa, lilihesabiwa katika meza hizo kuwa ni kuvizia watu. Baadhi ya nyumba bado huzuia jambo hilo katika aina fulani za mchezo huo.

Wapo wanaoamini kwamba kanuni hizi zote ni mtego wa nyumba wa kujipatia fedha. Kwenye gurudumu la ruleti nyumba ni mpinzani wako; kwenye poka sivyo. Nyumba hukata kiasi kidogo kutoka kwenye kila fungu, kwa kawaida chenye kikomo, au hutoza kiti kwa saa, kama klabu za Texas zinavyofanya kwa sababu sheria ya huko haitoi kinga mtu akinufaika na mchezo zaidi ya ushindi wake mwenyewe. Fedha zilizompotea shemeji hazikwenda kwa nyumba, zilikwenda kwa bwana aliyekuwa mbele yake. Hata hivyo nisiitakase nyumba kupita kiasi. Mabishano hupunguza idadi ya mikono kwa saa, na mikono ndiyo mapato, kwa hiyo kanuni kali dhidi ya madau ya vipande vipande inailipa nyumba pia. Tofauti ni kwamba inailipa hata akishinda nani.

Shemeji alirudi kule wiki mbili baadaye, na safari hii kila mara alisema "naongeza" kabla ya kugusa chipu. Mezani alimkuta kijana wa Bujumbura, wakasalimiana kwa Kiswahili kwa furaha ya watu waliokutana mbali na kwao. Katikati ya mkono mmoja kijana akapigwa na dau kubwa, akashika kichwa, na shemeji, aliyekuwa ameshatupa karata zake, akamwambia "pole". Mgawa karata akasimamisha mchezo. Katika vyumba vya poka vya Marekani mkono ukiwa unaendelea lugha ya mezani ni Kiingereza tu, ili wawili wasipeane siri mbele ya wasioelewa, kwa sababu kila mkono huchezwa na mtu mmoja. Msimamizi wa ukumbi alikuja, akasikiliza, akataka kujua neno lenyewe lina maana gani. Shemeji alieleza kadiri alivyoweza kwamba ni neno la kumfariji mtu, halina siri yoyote.

"Sawa," msimamizi akamwambia, "lakini kama hujui karata zake, unamfariji kwa lipi?"